Mfungeni Mkwe Wangu, Ila Msikubali Akiri

Tseng Hsiu-luan,
Shamba la Kuku, nyuma ya Hekalu la Bwana wa Mji,
Neiliao.
6 Julai

Kwa Mheshimiwa Jaji Mwenyekiti wa Jopo,
Mahakama ya Rufaa.

YAH: OMBI LA KUKATALIWA KWA KAULI YA KUKIRI KOSA YA MHESHIMIWA TU KUN-LAI, MBUNGE, NA LA KUFUNGWA KWAKE VIVYO HIVYO

Mheshimiwa Jaji,

Natumaini barua hii itakukuta umeshakula, kwa kuwa si barua ya kusomwa na mtu mwenye njaa.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na minane, mfugaji wa kuku. Nilianza na vifaranga kumi na mmoja na baiskeli ya kuazima. Leo nina kuku elfu nne na mia mbili, na baiskeli niliirudisha. Sijawahi kufika mahakamani isipokuwa mara moja, jirani alipolalamika kwamba majogoo wangu wanawika mapema kuliko sheria inavyoruhusu. Nayataja haya ili ujue kwamba anayekuandikia hana desturi ya kupoteza muda wa watu, kuanzia na muda wake mwenyewe.

Mheshimiwa Tu Kun-lai, mbunge wetu kwa vipindi vinne, ambaye rufaa yake itasikilizwa mbele yako tarehe 18 mwezi huu, ni mkwe wangu. Binti yangu Yu-ching ameolewa na mwanawe Po-han, na wana mtoto mmoja, An-an, mwenye miezi minane.

Najua barua unazopokea kutoka kwa jamaa za wabunge, kwa hiyo niseme mapema kwamba hii si mojawapo. Sikuombi umwachie. Mahakama ya chini ilimpa miaka saba na miezi minne, na mimi naiona ni idadi nzuri. Nimeshaihesabu. An-an ana miezi minane. Ukiongeza miaka saba na miezi minne, babu yake atatoka siku mtoto anatimiza miaka minane kamili, umri ambao anaweza kufundishwa kutomsikiliza. Mfunge. Ninachoomba ni kimoja tu: usikubali akiri.

Nasema hivi kwa sababu wakili wake ametangaza kwamba tarehe 18 Mheshimiwa atasimama mbele yako, atainamisha kichwa, atakiri kila kitu, na kwamba fedha zote ameshazirudisha. Wakili anatarajia mwaka mmoja na miezi kumi, kifungo cha nje. Magazeti yameita huo ujasiri. Mimi nimeita watu wa nyumbani tukaketi, kwa sababu jambo hili linamhusu mtu ambaye hajaota hata jino.

Ili tuelewane, nianze na kazi ya mkwe wangu.

Alianza maisha akiendesha lori la jukwaa, lile linalofunguka ubavu likawa ukumbi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshika kipaza sauti. Aliweza kuliza watu msibani saa tatu na kuchekesha watu harusini saa tano, kwa koo lilelile. Mtu mwenye kipaji hicho hakai kwenye lori. Akawa diwani, akawa mjumbe wa wilaya, akawa mbunge. Kuna siku moja, iliyokuwa njema katika kalenda ya mazishi, alihudhuria misiba kumi na tisa; kwenye wa kumi na saba alimtakia marehemu maisha marefu. Wafiwa walimpigia kura hata hivyo, kwa kuwa alifika.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya kofia. Zawadi ya mgombea haitakiwi kuzidi yuani thelathini, na mwendesha mashtaka alisema kofia alizogawa Mheshimiwa ni za yuani thelathini na nne. Mkwe akaenda mbele ya Bwana wa Mji, mungu wa hekalu letu anayeamua viapo, akaapa, akakata kichwa cha jogoo mweupe kama desturi inavyotaka, na wiki iliyofuata ikapatikana stakabadhi ya yuani ishirini na tisa. Kesi ya pili ilikuwa ya kasha la chakula cha mchana lililoruka bungeni na kumpata mwenzake kwenye nyusi. Mheshimiwa alisema liliteleza. Liliteleza mita sita. Akaapa, akakata jogoo, na mwenye nyusi akaondoa malalamiko yake. Majogoo wote wawili walitoka kwangu.

Kesi ya tatu ndiyo hii iliyo mezani kwako. Mbunge hupewa fedha za umma za kulipa wasaidizi. Wa kwake walikuwa kumi na mmoja kwenye karatasi. Wanane nawafahamu, wamekula kwangu. Watatu waliobaki ni mama wa dereva wake, mwenye miaka themanini na mitatu, asiyejua simu inashikwa upande gani. Mtu anayemkanda mgongo. Na bwana mmoja ambaye alihamia Kanada kabla Mheshimiwa hajachaguliwa mara ya kwanza. Mishahara ya hao watatu ilirudi nyumbani kwa Mheshimiwa kila mwezi kwa miaka mitano, kwa uaminifu ambao sijauona hata kwa njiwa.

Mwaka jana, mwezi wa nane, ofisi yake ilipopekuliwa, alifanya alilozoea kufanya. Msaidizi wake alinipigia saa moja asubuhi: "Mama Hsiu-luan, jogoo mweupe mmoja kabla ya saa nne, kamera zinafika saa tano." Nikampeleka. Mbele ya hekalu kulikuwa na watu wapata mia nne, na kamera sita. Mkwe akapiga magoti, akashika jogoo kwa mkono wa kushoto na kisu kwa mkono wa kulia, akatamka kwa sauti yake ile ya lori: "Kama nimekula hata senti moja ya mishahara ya wasaidizi wangu, ukoo wa Tu usipate mwisho mwema, vizazi vitatu." Kisu kikashuka.

Watu walipiga makofi. Mimi nilihesabu. Kizazi cha kwanza, yeye. Cha pili, Po-han. Cha tatu kilikuwa kimesimama kando yangu chini ya mwavuli, ndani ya tumbo la binti yangu, la miezi sita.

Sasa malalamiko yangu, kwa namba.

1. Lalamiko la kwanza ni kwamba Mheshimiwa amekwenda kukiri bila kuwauliza wenziwe. Kosa ni lake, nakubali. Mtu ana haki ya kukiri kosa lake kama alivyo na haki ya kuuza kiatu chake. Lakini laana ile si ya kwake peke yake. Ni ya vizazi vitatu kwa hisa sawa, na yeye ana theluthi moja tu. Kwetu hata mtaro wa maji wa watu watatu hauzibwi na mmoja. Nilimfuata nyumbani kwake nikamuuliza: "Mkwe, hivi siku ile kwa nini ulitaja vitatu? Kimoja kisingetosha?" Akanijibu huku anakata kucha: "Mama, kizazi kimoja mbele ya kamera sita? Watu wangesema mbunge wao bahili." Nikamwambia mdomo uliponza kichwa, na hapa unaponza vichwa vitatu, kimoja hata nywele hakijajaa. Akasema: "Yale maneno ya kampeni tu, mkwe. Bwana wa Mji ni mtu mzima, anajua mwaka wa uchaguzi."

Naomba uone ugumu wangu, Mheshimiwa. Maadamu anakana, yote yanawezekana. Mahakama inaweza kumtia hatiani, na mahakama ni ya binadamu. Bwana wa Mji anaweza kusema majaji walikosea. Ukiweka hukumu yako upande mmoja na kiapo chake upande wa pili, pana nafasi katikati ambapo mtoto anaweza kulala. Siku mwenyewe anapofungua kinywa akasema "nilikula," nafasi hiyo imezibwa. Haitazibwa na wewe wala na mwendesha mashtaka. Ataiziba babu yake.

2. Wapo wanaosema kiapo chenyewe hakikushika. Mmoja wao ni wakili wake. Aliniambia kwenye baraza la nyumba ya mkwe, mbele ya watu: "Mama, yule alikuwa kuku tu." Nikamwambia: "Na wewe, wakili, ni suti tu, lakini watu wanakulipa."

Niruhusu nieleze kazi yangu kama yeye anavyoeleza yake. Jogoo wa kiapo hachaguliwi kwa kilo. Anatakiwa awe mweupe, bila unyoya wa rangi nyingine, na awe jogoo kamili anayewika. Sababu ni nyepesi. Jogoo ndiye anayeita jua, na jua humwitikia. Kwa hiyo anapokatwa, sauti iliyokuwa ndani yake hupanda na maneno ya mwapaji. Mtetea hafai. Bata hafai. Katika miaka thelathini na moja nimetoa majogoo arobaini na saba wa kiapo, kwa mipaka ya mashamba, kwa wanandoa, kwa wagombea, na kwa mwizi mmoja wa mashine ya maji ambaye alivunjika mguu siku ya tatu. Hakuna hata mmoja aliyerudishwa.

Na yule wa mwaka jana walimwona watu mia nne. Alitulia mkononi kama mtoto wa darasa la kwanza siku ya picha, hakupiga kelele hata mara moja. Kilemba chake cha kichwani kilikuwa chekundu kiasi kwamba kiliacha wekundu kwenye kiganja cha Mheshimiwa kabla kisu hakijashuka. Picha ipo kwenye gazeti la siku iliyofuata, ukurasa wa tatu, nimeiambatisha. Wazee walisema ni ishara. Kwa hiyo asije mtu mbele ya mahakama yako akasema kiapo kilikuwa na kasoro. Kiapo kilikuwa kizima kama yai la asubuhi, na ndiyo maana naogopa.

3. Lalamiko la tatu ni la homa, na hapa naomba karani wako achukue kalamu.

Tarehe 2 Juni, wakili alipotuita kutuambia kwamba Mheshimiwa atakiri, An-an alipata homa usiku huohuo: nyuzi 38.1. Tarehe 11 Juni magazeti yalipoandika habari hizo, homa ilirudi: 38.6. Tarehe 25 Juni Mheshimiwa alipopeleka fedha kurudisha serikalini, homa ikaja mara ya tatu: 39.1. Kila hatua ya mkwe kwenye kukiri inaongeza nusu nyuzi. Sihitaji kuwa profesa. Siku ya kusikilizwa itakuwa 39.6. Siku ya hukumu 40.1. Kama atatoa na hotuba ya kuwashukuru wapiga kura, sitaki kuendelea.

Daktari wa mjini ni kijana mwenye adabu. Alimpima mtoto, akanitazama, akasema: "Bibi, mtoto anaota meno." Nikamuuliza: "Daktari, meno yanasoma magazeti?" Akaandika dawa ya maji. Yu-ching naye ananiambia, "Mama, acha, unanitisha," kisha nikigeuka namwona anainamia kitanda cha An-an kuhakikisha anapumua. Mimi nilimlisha binti huyu kuku thelathini wa mafuta ya ufuta na tangawizi katika mwezi wake wa uzazi, kuku mmoja kila siku, ili arudi na nguvu zake. Sikuwalea wale kuku, wala sikumlea yeye, ili mbunge aje atubu juu ya mgongo wa mjukuu wangu.

4. Lalamiko la nne nililiandika kisha nikalifuta, kwa sababu lilihusu tabia ya mkwe kwenye meza ya chakula na halikuwa na ushahidi wa karatasi.

5. Lalamiko la tano ni la jamii nzima, ingawa linaanzia bandani kwangu. Kila uchaguzi huleta kesi, kila kesi huleta kiapo, na kila kiapo kinahitaji jogoo. Kwa kuamini utaratibu huo wa nchi nimelea majogoo weupe thelathini na wanane kwa ajili ya uchaguzi ujao wa madiwani. Sasa Mheshimiwa Tu anakuja kuwafundisha watu kwamba unaweza kuapa Agosti na kukiri Julai, na jioni ukala chakula chako vizuri. Nani ataogopa tena? Nani atanunua jogoo wa kuapia jambo analojua atalikiri mwakani akipunguziwa?

Tayari yameanza. Mwenyekiti Hung wa kamati ya hekalu alinisimamisha sokoni wiki iliyopita, mbele ya muuza maharage: "Hsiu-luan, vipi, majogoo wako siku hizi ni wa kupigia picha tu?" Watu wakacheka. Nikamjibu: "Mwenyekiti, apa wewe tuone." Hakuapa, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka. Kamati itakutana tarehe 20, siku mbili baada yako, kuamua kama niendelee kupeleka majogoo wa hekalu. Shemeji yake Hung anatengeneza kuku wa soya, wale wa watu wasiokula nyama, na amependekeza kwamba viapo vyote viwe vya soya, ili wapenda wanyama wasiandamane. Hakuna damu wala manyoya, na baada ya kiapo watu wanakula. Nakuuliza wewe uliye jaji, juu ya jaji mwenzio wa pale hekaluni: Bwana wa Mji atasikiaje kutoka kwa maharage?

6. Lalamiko la sita ni dogo, na liko juu yenu. Wasaidizi hewa watatu, kila mmoja yuani elfu ishirini na saba kwa mwezi, miezi sitini, ni yuani milioni nne na laki nane na sitini elfu. Hati ya mashtaka imeandika milioni nne na laki sita na themanini elfu. Mtu alipishanisha sita na nane. Mmempunguzia mkwe wangu laki moja na themanini elfu bila yeye kukiri chochote, na yeye amerudisha kiasi kilichoandikwa, kwa uso mkavu. Juu ya mlango wa Bwana wa Mji imetundikwa abakasi, ule ubao wa shanga za kuhesabia, kubwa kuliko kitanda. Nashauri nanyi mtafute moja.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima:

Kwanza, kauli ya kukiri ikataliwe. Akisimama kuanza kukiri, apewe maji. Akiendelea, askari wa mahakama aangushe kitu.

Pili, ikiwa sheria inalazimisha asikilizwe, basi aseme kwa namna ya mashaka: "inawezekana," "huenda," "mtu anayefanana na mimi." Mkwe wangu ni bingwa wa lugha hiyo, ametunga sheria kwayo kwa miaka kumi na sita.

Tatu, afungwe miaka yote saba na miezi minne kama mtu asiye na hatia. Hatakuwa wa kwanza. Nitampelekea kuku wa kuchemsha kila mwezi, nyama bila mifupa, kama kanuni za gereza zinavyotaka. Hesabu yake ni kuku themanini na wanane, na sitamdai.

Akiona nimemkosea, aje aniambie. Sina chuki naye. Harusi ya watoto wetu aliisimamia mwenyewe kwenye lori lake la zamani, akaimba mpaka mama yangu mzazi, ambaye alikuwa haongei tena, akapiga meza kwa kijiko. Siku An-an alipozaliwa alikuja hospitali bila kamera, akasimama mlangoni na mikono nyuma kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Ndiyo maana siombi anyongwe.

Nikomee hapa, kuku wanataka maji. Nisalimie waheshimiwa majaji wenzako wawili, na karani anayeandika haya, na mwendesha mashtaka, umwambie kazi yake ni nzuri ila akague tarakimu. Nisalimie pia yule mbunge wa nyusi, kama atakuja kutoa ushahidi. Watu wa Neiliao wote wanakusalimu, wakiwemo wale watakaokuja na mabango siku hiyo. Wamelipwa chakula tu, na hakizidi thelathini.

Ni mimi, mwenye kuku na mwenye mjukuu,

Tseng Hsiu-luan

Nakala: Mwenyekiti Hung, Kamati ya Hekalu.

Tanbihi. Mheshimiwa Jaji, bahasha nilikuwa nimeshaigundisha. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, kwa hiyo usishangae karatasi imejikunja.

Saa tisa alasiri Yu-ching amenipigia simu. Kipimo kinasoma 39.6. Hiyo ilikuwa homa ya tarehe 18, na leo ni tarehe 6. Nilikaa bandani kwa muda, juu ya ndoo. Hesabu zangu huwa hazifiki kabla ya siku yake, na zikifika kabla, basi kuna namba niliyoiweka vibaya mwanzoni. Nami namba hiyo naijua.

Naondoa lalamiko la pili. Yule jogoo alikuwa amehasiwa.

Ulikuwa mwezi wa saba kwa kalenda yetu ya zamani, mwezi wa mizimu, na kila nyumba ilikuwa imenunua jogoo wa sadaka. Saa moja asubuhi banda la weupe lilikuwa tupu. Walibaki wale niliowahasi kwa ajili ya sikukuu ya mwaka mpya, wanene, wapole, wanaojali kula tu. Kamera zilikuwa zinakuja saa tano, na mimi sikuwa nimewahi kumwambia mteja hapana. Kilemba cha aliyehasiwa hunywea na hupauka. Nilikipaka ile rangi nyekundu tunayotia kwenye keki za sadaka zenye umbo la kobe. Ndiyo iliyobaki kwenye kiganja cha mkwe, ukurasa wa tatu. Haikuwa ishara ya kitu chochote isipokuwa haraka yangu. Na kama hakupiga kelele, ni kwa sababu aliyehasiwa hawiki. Hana sauti ya kupanda nayo. Maneno ya mkwe, vizazi vitatu na vyote, yaliishia palepale kwenye ngazi za hekalu, yakafagiliwa pamoja na manyoya.

Kwa hiyo hapakuwa na kiapo, na pasipo kiapo hapana laana. Mwache akiri. Akiri yote, hata ya kofia, hata ya kasha la chakula. Wale majogoo wawili walikuwa kamili, lakini mara zile alijiapiza mwenyewe tu, alikuwa bado hajajifunza ukarimu. Na umpe huo mwaka na miezi kumi ya nje ukipenda, mradi ile laki na themanini airudishe.

Kabla ya kuandika haya nilikwenda hekaluni kumweleza Bwana wa Mji mwenyewe, nikasimama chini ya abakasi mpaka magoti yakauma. Kutoka pale nimepitia kwa An-an. Kipimo: 37.2. Yu-ching ananionyesha kitu cheupe kwenye ufizi wa chini, kidogo kama punje ya mchele, na anacheka na kulia kwa pamoja. Sitaki kuichosha mahakama na habari za meno.

Ile nakala ya Mwenyekiti Hung nimeikata kwa wino, kama unavyoona hapo juu. Katika majogoo arobaini na saba wa kiapo, aliyehasiwa ni huyo mmoja tu, na kamati inakutana tarehe 20. Nimemsikia wakili akisema kwamba anayekiri kwa hiari yake, kabla hajaulizwa, hupunguziwa. Mimi sikuulizwa na mtu.